Kunyonyesha huku unaongezea chupa: jinsi ya kuchanganya bila maziwa yako kukauka

Kuchanganya ziwa na chupa siyo kushindwa kulea, na wala siyo lazima ziwa likauke. Linakauka kwa wengi kwa sababu chupa inaingia bila mpango, leo bibi kampa moja mchana, kesho dada kampa mbili, wiki ijayo mtoto hataki tena titi na mama anasema maziwa yameisha. Ziwa linatengeneza kulingana na yanavyotolewa. Likikaa limejaa linapunguza spidi, likimaliziwa linaongeza. Yaani kila chupa aliyokunywa mtoto saa ambayo we hukumnyonyesha wala hukukamua, mwili unahesabu kwamba saa hiyo hamna mteja, kesho unapika pungufu. Ukilishika hilo, yanayobaki ni vipimo, usafi na kupanga masaa.

Ushauri wa WHO na UNICEF na wa kliniki zetu unajulikana, maziwa ya mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, afu kunyonya pamoja na chakula mpaka miaka 2 na zaidi. Huu mwongozo ni kwa aliyefika mahali ambapo hilo peke yake haliwezekani, kilo hazipandi, au likizo imeisha, au ana mapacha, au daktari ndo kasema aongezewe.

Hatua ya 1: hakikisha kweli anahitaji nyongeza

Wamama wengi wanaanza kopo kwa sababu ya vitu vitatu ambavyo havithibitishi chochote: mtoto analia na kudai ziwa kila saa jioni, matiti yamekuwa laini baada ya wiki kadhaa, na ukikamua unapata kidogo. Kudai kila saa jioni ni kawaida kabisa kwa watoto wachanga, matiti kulainika maana yake yamezoea kiasi, na kukamua kidogo inaonyesha tu kwamba mkono au pampu haijui kazi kama mdomo wa mtoto.

Cha kuangalia ni kinachotoka na mizani. Kuanzia siku ya 5 hivi mtoto anatakiwa alowanishe nepi 6 au zaidi kwa masaa 24, mkojo uwe mweupe, na choo kiwe kimeshatoka kwenye weusi wa kunata na kuwa cha njano. Pampasi zinaficha mkojo, so chukua moja kavu umimine vijiko vitatu vya chakula vya maji uisikie uzito wake mkononi, hapo utajua iliyolowa inavyokuwa. Au mfungie nepi za kitambaa siku mbili, bibi zetu hawakuwa wajinga.

Kilo: siku za mwanzo mtoto anapungua kidogo, mpaka asilimia 7 mtu hashtuki sana, ikikaribia 10 anatakiwa aangaliwe na mtaalamu haraka. Kufikia wiki 2 awe amerudi uzito aliozaliwa nao, na kutoka hapo miezi 3 ya mwanzo anaongeza kama gramu 20 mpaka 30 kwa siku. Apimwe mizani ile ile, bila nguo, maana pampasi iliyojaa na sweta la kufuma vinadanganya vizuri tu.

Kabla ya kukimbilia kopo, muombe nesi akae akuangalie unamnyonyesha kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asikuangalie dakika moja akaondoka. Mdomo wa mtoto uwe wazi sana, mdomo wa chini umegeukia nje, kidevu kimegusa ziwa, sehemu nyeusi inaonekana zaidi juu kuliko chini, na usikie anameza. Chuchu ikitoka imebonyea upande mmoja au imechubuka, basi hajashika vizuri, na hilo likirekebishwa mara nyingi maziwa yanatosha bila kununua kitu.

Zipo pia sababu za kweli kabisa za maziwa kuwa machache, mfano damu nyingi ilitoka wakati wa kujifungua, kipande cha kondo kilibaki, ulishafanyiwa upasuaji wa matiti, tatizo la thairoidi, au unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni. Hizo zinaongelewa na daktari, usiambiwe tu kunywa mtori na uji wa pilipili manga. Mtori ni mtamu na mama aliyejifungua anahitaji kula kushiba na kunywa vya kutosha, sikatai, ila mtori hautoi kondo lililobaki.

Na kama unaishi na VVU, ongea na kliniki yako kabla hujaanza kuchanganya. Ushauri kwao ni kunyonyesha tu miezi 6 huku unameza dawa bila kuruka, na ikitokea umelazimika kuchanganya siyo sababu ya kuacha kunyonyesha wala kuacha dawa, ila wao wajue ili wakufuatilie wewe na mtoto.

Hatua ya 2: chagua nyongeza yenyewe

Ya kwanza ni maziwa yako mwenyewe uliyokamua. Yasipotosha ndo maziwa ya kopo ya watoto, yale yaliyoandikwa namba 1 au miezi 0 mpaka 6.

Hapa naomba niseme kwa sauti. Maziwa ya unga ya kuweka kwenye chai SIYO maziwa ya mtoto mchanga hata kama kopo lina picha ya mtoto anacheka. Maziwa mazito matamu ya kopo siyo. Maziwa ya ng'ombe, hata yakichanganywa na maji, kwa mtoto chini ya miezi 6 hapana, chumvi na protini zake zinazidi figo zake na madini ya chuma hamna ya kutosha. Uji mwepesi hapana, maji ya glukosi hapana, na maji matupu pia hapana hata Dar ikiwa na joto la Januari, kwa sababu maziwa yenyewe yana maji ya kutosha na tumbo lake dogo ukilijaza maji umemnyima chakula.

Pesa nayo iongelewe kabla. Kopo la gramu 400 linatoa kama lita 3 za maziwa yaliyochanganywa. Mtoto wa kilo 5 anayetegemea kopo tu anakunywa kama mililita 750 kwa siku, kwa hiyo kopo linaisha siku 4. Anayenyonya akaongezewa chupa mbili za mililita 90, kopo lile lile linakaribia siku 16. Ziwa unaloendelea kunyonyesha ni hela unayookoa, na bajeti ikibana dawa siyo kuongeza maji kwenye kopo, dawa ni kuongeza kunyonyesha.

Hatua ya 3: ziwa kwanza, chupa baadae

Kila mlo anza na ziwa, yote mawili, muache mpaka aache kumeza mwenyewe. Akilegea libonyeze taratibu huku ananyonya, maziwa yatashuka ataamka. Afu ndo mpe nyongeza. Baada ya hapo, kama lengo ni kuongeza maziwa yako, kamua dakika 10 mpaka 15. Hiyo inachosha sana, sikufichi, kwa hiyo mzunguko mzima usizidi saa moja, la sivyo unamaliza huu unaanza mwingine na hujalala. Na usiifanye mwezi mzima peke yako, kuna mtu amshike mtoto na chupa wakati we unakamua.

Kiasi gani? Kwa jumla mtoto anahitaji kama mililita 150 kwa kila kilo yake kwa siku, ikiwa ni pamoja na anachokipata kwenye ziwa. Wa kilo 4 ni 600 kwa siku nzima. Huyo anayenyonya vizuri ila kilo zinapanda taratibu, anza na mililita 30 baada ya milo mitatu au minne afu pima baada ya siku chache, usianze na chupa iliyojaa. Kichanga cha siku moja au mbili anahitaji mililita chache tu kila mlo, tumbo lenyewe bado dogo, ndo maana yale maziwa ya njano ya mwanzo yanatosha japo yanaonekana matone.

Usiku usiuache. Homoni inayotengeneza maziwa inapanda zaidi usiku, mama anayempa dada chupa za usiku ili alale ndo anayeshangaa mwezi ujao maziwa yamepungua. Ukitaka kuruka mlo mmoja ruka wa mchana.

Hatua ya 4: kikombe au chupa

Watu wanadhani kuongezea lazima iwe chupa yenye chuchu. Kikombe kidogo kinatosha, hata kwa mtoto mchanga, na kwa nyumba ambayo maji ni ya ndoo na mkaa wa kuchemshia ni wa kuhesabu mi ningesema kikombe ndo bora, kinaoshwa chote kikaonekana, wakati chuchu ya chupa ina vikona vya kuficha maziwa yaliyochacha. Mkalishe wima mapajani, kikombe kiguse mdomo wa chini, kiinamishe mpaka maziwa yafike mdomoni halafu SUBIRI, mwenyewe atalamba na ulimi. Usimmiminie, atapaliwa.

Ukitumia chupa, chukua chuchu yenye tundu la kutoa polepole. Mtoto akae karibu wima, chupa ilale karibu sawasawa na sakafu, maziwa yajae kwenye chuchu tu. Mguse mdomo asubiri afungue, usimsukumie. Akimeza mara kadhaa shusha chupa kidogo apumzike, katikati mbadilishie mkono kama ungembadilishia ziwa. Chupa moja ichukue kama dakika 15 au 20. Ikiisha dakika 5 unamfundisha kwamba chakula kinakuja chenyewe bila kazi, akirudi kwenye ziwa anasubiri sekunde kumi anaanza kulia na kujinyonganyonga. Akigeuza kichwa basi, kashiba, zilizobaki mwaga. Mbeulishe. Na chupa isiegeshwe kwenye mto mtoto akaachwa peke yake, hata kama una nguo za kufua.

Kama hakuna sababu ya kiafya ya kuharakisha, chupa isubiri mpaka wiki ya 3 au 4 ziwa liwe limeshakaa sawa. Anayerudi kazini aanze kumzoesha wiki mbili kabla, na ampe mtu mwingine, mtoto akikunusa we hapo pembeni chupa ya nini.

Hatua ya 5: kuchanganya kopo

Hapa ndo panapoharibika. Unga wa kopo hautengenezwi ukiwa hauna vijidudu kabisa, kwa hiyo maji ya moto ndo yanayoua, siyo maji ya vuguvugu tu ya kuyeyushia.

Osha mikono. Chupa, chuchu na kifuniko vioshwe kwa maji ya sabuni na brashi, chuchu igeuzwe ndani nje, afu vichemshwe kwenye sufuria dakika 10 vikiwa vimezama kabisa. Angalia chupa zisibaki na povu la hewa ndani, hapo penye hewa maji hayajafika. Tumia sufuria ya hiyo kazi tu, ile iliyopikiwa dagaa jana iache.

Chemsha maji mpaka yachemke kweli, hata maji ya chupa ya dukani yanachemshwa. Yaache yasizidi dakika 30, yawe bado na joto la nyuzi 70 hivi. Pima maji kwanza kwenye chupa, chupa ikiwa mezani na jicho lako usawa wa mstari, afu ndo unga. Makopo mengi ni kijiko kimoja kwa mililita 30 ila mengine ni tofauti, soma lako, na kijiko cha kopo moja hakipimi kopo lingine. Chota, pitisha mgongo wa kisu safi juu ya kijiko kiwe flati, usishindilie. Nimeshaona dada anachota kijiko kimefurika kama kilima "ili ashibe" na nimeshaona mama anaweka vijiko viwili kwenye maji ya vitatu ili kopo lifike mwisho wa mwezi. Wa kwanza anampa mtoto choo kigumu na kiu, wa pili anampa njaa huku tumbo limejaa, na chumvi ya mwilini inaweza kushuka mpaka mtoto apate degedege.

Funga, izungushe, ipoze kwa kuishika chini ya maji yanayotiririka au kwenye bakuli la maji baridi, dondosha tone kwenye kifundo cha mkono ndani, lisikike vuguvugu au usisikie kitu. Yasipotumika ndani ya masaa 2 mwaga, na yaliyobaki baada ya mtoto kunywa mwaga hapo hapo, mate yake yameshaingia.

Za usiku: weka maji yaliyochemka kwenye chupa ya chai nzuri, ijaze juu kabisa, na unga uliopimwa kwenye kikopo kikavu kisafi. Unachanganya pale anapoamka, unapoza, anakunywa. Maji ya kwenye chupa ya chai yakishakuwa ya kushikika mkononi hayafai tena, chemsha mengine. Usiweke maziwa yaliyokwisha kuchanganywa kwenye chupa ya chai yakae mpaka asubuhi, hilo joto la vuguvugu vijidudu wanalipenda kuliko sisi.

Na maziwa yako usiyatumie badala ya maji ya kukorogea unga. Mpe yako kwanza, yakiisha ndo ya kopo, ili kikibaki cha kumwaga kiwe cha kopo.

Hatua ya 6: kukamua na kutunza, hasa kwa anayerudi kazini

Kwa mkono: kanda titi kidogo, weka dole gumba juu na vidole viwili chini, sentimita 2 mpaka 3 nyuma ya chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Usiteleze vidole kwenye ngozi wala kuvuta chuchu. Mwanzo ni matone, baada ya dakika moja mbili yanaanza kuruka. Zungusha vidole sehemu nyingine. Pampu ya mkono au ya umeme ni nzuri ukiweza, ila isikuume, ikiuma kikombe cha pampu hakiendani na chuchu yako.

Kutunza: nje kwenye ubaridi masaa 4, ila kwa joto la Dar na Mombasa mi ningeyapeleka kwenye friji au kibegi cha barafu mapema iwezekanavyo. Friji siku 4, ndani nyuma siyo mlangoni. Friza miezi 6. Umeme ukikatika usifungue fungue friji. Kupasha, weka chupa kwenye bakuli la maji ya moto, siyo kwenye maikrowevu, na ukiona mafuta yameelea juu yazungushe tu, hayajaharibika.

Tanzania sheria ya ajira ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi siku 84, au 100 kwa mapacha, na ukirudi unaruhusiwa mpaka masaa 2 kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Wengi hawayaombi. Kaongee na bosi kabla likizo haijaisha mkubaliane, kwa anayekaa mbali na ofisi mara nyingi inamfaa kuondoka mapema masaa hayo mawili.

Chukua mama anaekaa Mbagala anafanya kazi Posta. Ananyonyesha saa kumi na moja alfajiri kabla ya kutoka, anarudi saa kumi na moja jioni. Masaa 12, na mtoto anayenyonya anahitaji kama mililita 30 kwa kila saa mama hayupo, kwa hiyo aache kama 360. Kazini anakamua saa nne, saa saba na saa tisa, akipata 80 kila mara ni 240, hizo ndo za kesho. Pengo ni 120, hapo ndo panaingia kopo, mlo mmoja tu, na dada ameandikiwa kwenye karatasi ukutani saa na kipimo. Akirudi ni ziwa mpaka asubuhi, wikiendi ni ziwa tupu. Kwa mpango huo ziwa linaweza kudumu mwaka na zaidi.

Akianza kulikataa ziwa

Mvue nguo umuweke kifuani ngozi kwa ngozi, mpe ziwa akiwa nusu usingizi siyo akiwa analia kwa njaa, na kamua kidogo kwanza ili akishika tu yanatoka. Angalia pia tundu la chuchu ya chupa, geuza chupa chini, yakimwagika mfululizo ni kubwa mno.

Ukitaka kurudi kwenye ziwa zaidi punguza nyongeza mililita 30 kwa siku nzima, kaa siku chache huku unahesabu nepi na kupima kilo, afu punguza tena. Ukitaka kuongeza chupa, ondoa mlo mmoja wa ziwa kila baada ya siku kadhaa, usikate ghafla, titi litajaa liwe gumu. Likiwa jekundu linauma na una homa endelea kunyonyesha hilo hilo na nenda hospitali.

Usibaki nyumbani ukibadilisha makopo kama mtoto hanyonyi kabisa, analegea haamshiki, ana homa, anatapika kila kitu, utosi umedidimia, hajakojoa masaa 6 au zaidi, umanjano umefika viganjani, au kinyesi kina damu. Hapo ni hospitali siku hiyo hiyo.

Jambo ambalo wengi linawapita: kunyonyesha kunazuia mimba pale tu mtoto ananyonya ziwa mchana na usiku bila vyakula vingine, hajafika miezi 6, na hujaona siku zako. Ukishaanza chupa hiyo kinga usiitegemee. Uliza kliniki njia isiyo na estrojeni, kuna vidonge maalum vya wanaonyonyesha, kijiti, na kitanzi.

Akifika miezi 6 mambo yanabadilika, anaanza uji wa lishe na vyakula laini, na kinachotakiwa kupungua kwanza ni chupa siyo ziwa. Ondoa ile ya mchana, weka hapo bakuli na kijiko, na maziwa anayoendelea kuongezewa yahamie kwenye kikombe.